Mwaka Nyumba Yetu Ilipokosa Bei

Siku tuliyomzika Shangazi Perpetua pale Kasulu, aliyelia kuliko sisi ndugu zake alikuwa mwanamke ambaye wengi msibani hawakumjua. Alishuka kwenye basi la kutoka Kibondo akiwa amejifunga kitenge cheusi, akaingia uani bila kuuliza njia, akapiga magoti kando ya jeneza na kulia kwa sauti ya mtu aliyefiwa na mama. Binamu yangu alinisogelea akaninong'oneza, "Dada Pina, huyu ni wa upande gani?" Nilimtazama yule mama, mtu mzima sasa, mnene kidogo, lakini jicho lake lilikuwa lilelile. Nikamjibu binamu yangu kwamba si wa upande wowote, ila aliwahi kula chakula cha mchana humu ndani, mara moja tu. Alinitazama kana kwamba kilio kimenichanganya akili. Baadaye, watu walipokwisha kwenda makaburini na kurudi, yule mama alikuja akakaa karibu yangu kwenye mkeka, akanishika mkono. "Wewe ndiye uliyekuwa unashona," aliniambia. Nikaitikia. "Mimi ni Leokadia. Shangazi yako alinitua mzigo ambao sikuwa hata nimejitwisha." Hatukusema mengi zaidi, kwa kuwa msibani hapakosi masikio. Lakini tangu siku ile ule mwaka umenirudia wote, na sasa ninapokaribia umri aliokuwa nao Shangazi wakati ule, naona ni haki niueleze.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo. Nilitoka Kibondo na cherehani yangu ya mkono ikiwa imefungwa kwa mpira juu ya basi, nikaja kukaa kwa Shangazi kwa sababu Kasulu kulikuwa na wateja wengi zaidi wa sare za shule. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa mtaa uliojulikana kama Bondeni, mahali ambapo barabara ilipungua ikawa njia, na njia ikapungua ikawa majani. Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma na bati, yenye sebule, vyumba vitatu na jiko la nje. Mumewe, Baba Bonifasi, alikuwa fundi mwashi. Kila tofali ya nyumba ile aliifyatua yeye, na Shangazi alibeba maji ya kukandia udongo. Walikuwa wamelelewa katika ardhi ya watu. Wazazi wao walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa na vyungu kichwani, nao walikua wakilima mashamba ya kukodi, msimu huu hapa, msimu ujao pale. Nyumba ile ilikuwa kitu cha kwanza ambacho mtu asingeweza kuwaambia, "Ondokeni, ninahitaji mahali pangu." Kuta za vyumba hazikufika kwenye bati, wala hapakuwa na dari, kwa hiyo aliyekohoa sebuleni alisikika na aliyelala chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma kilikuwa changu. Mengi ninayoyaeleza hapa niliyasikia yakipita juu ya ukuta ule, nikiwa nimelala chali nikitazama misumari ya bati.

Jambo la kwanza kulisikia lilikuwa la furaha. Baba Bonifasi alirudi kutoka kijiji cha Titye, viatu vimejaa udongo mwekundu, hata hakuvivua. Alimwambia Shangazi kwamba kuna mzee anahamia kwa watoto wake na anauza shamba. Lina bonde la maji, lina migomba, na udongo wake ukiushika unabaki mkononi. "Mzee ameniambia atatungojea mpaka mvua za kupandia," alisema. "Mvua ikishika ardhi, atampa atakayekuwa amefika." Shangazi aliuliza, "Na sisi tutafika na nini?" Akajibu, "Na nyumba hii." Kisha nikamsikia Shangazi akicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeogopa kufurahi, akasema kwa Kiha, "Ego, ndiyo. Tuiuze." Nyumba ni nyumba, alisema, lakini shamba linazaa. Wiki ileile walimleta dalali, Sospeta, kijana mrefu aliyevaa kofia ya pama hata ndani ya nyumba. Alizunguka akigonga kuta kwa vidole, akafungua na kufunga milango, akanywa chai na mandazi yetu, akataja bei. Ilikuwa bei ambayo ingelipa shamba la Titye na kubakiza ya mabati ya nyumba mpya. Usiku huo tulikula migebuka, samaki wa ziwani, iliyopikwa kwa mawese, chakula cha sikukuu, na Baba Bonifasi alituchorea shamba lote kwa kidole juu ya meza: hapa mihogo, hapa maharage, hapa chumba cha Pina na cherehani yake.

Kisha likaja trekta. Nyuma ya mtaa wetu, ng'ambo ya vichaka, palikuwa na shimo kubwa ambalo wajenzi wa barabara walichimba moramu, udongo wa changarawe wa kushindilia barabara, miaka ya nyuma wakaliacha. Watoto walikuwa wakichezea humo wakati wa kiangazi. Asubuhi moja trekta lenye tela lilipita mbele ya nyumba likavunja ua wa Mama Devota, jirani yetu, likaenda mpaka shimoni na kumwaga mzigo. Tulidhani ni kosa la dereva. Kesho yake lilirudi. Mwenyekiti wa mtaa alipoulizwa alisema naye amesikia tu, kwamba taka za sokoni na za mjini zimekosa mahali, na kwamba hapa ni kwa muda. Neno hilo, "kwa muda", lilikaa mtaani kwetu kuliko mtu yeyote aliyelitamka.

Mwanzoni yalikuwa maganda ya ndizi, vichwa vya dagaa na mabua ya miwa, na mbuzi wa mtaa walifurahi. Baadaye yakaja mambo yasiyoliwa hata na mbuzi. Kunguru walikuja kwanza, wakafuatiwa na mbwa wasio na wenyewe, halafu nzi. Siwezi kumweleza mtu wa leo habari za nzi wale. Tulikula mkono mmoja ukimega ugali na mwingine ukipunga. Shangazi alianza kupakulia chakula ndani ya sufuria lenye mfuniko; tulifunua, tukamega, tukafunika, kama watu wanaoiba chakula chao wenyewe. Jioni takataka zilichomwa, na moshi wake haukuwa moshi wa kuni. Ulikuwa mzito na mtamu kooni, uliingia kwenye nguo za wateja nilizokuwa nimezitundika. Mama mmoja alinirudishia gauni la kipaimara la binti yake, akaliweka puani mwangu bila kusema neno, akaondoka nalo kwenda kulifua.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Alikuja na Sospeta saa za alasiri, upepo ulipokuwa ukitoka shimoni. Hakuingia hata getini. Alisimama, akapiga chafya, akatazama angani kule kunguru walikokuwa wakizunguka, akamwambia Sospeta, "Kaka, umenileta kununua nyumba au umenileta jalalani?" Nilimwona Baba Bonifasi akishusha mkono aliokuwa ameunyoosha kwa salamu. Siku chache baadaye Sospeta alirudi peke yake. Safari hii hakugonga kuta. Alikaa sebuleni, kofia kichwani, akataja bei mpya, na Shangazi akamwomba airudie kwa sababu alidhani hakusikia vizuri.

"Tofali ni zilezile," Baba Bonifasi alimwambia. "Bati ni lilelile. Kimepungua nini?"

"Baba, mtu hanunui tofali," Sospeta alijibu. "Ananunua kulala na kuamka. Na mimi sitaki kuwadanganya, hata hiyo bei niliyosema ni ya leo. Trekta likiendelea, mwezi ujao nitakuja na nyingine."

Tangu siku ile kitu fulani kilikaza ndani ya nyumba. Baba Bonifasi alianza kutazama mawingu. Kila asubuhi alitoka nje, akatazama upande wa Titye, akarudi bila kusema. Kila tone la mvua lililogonga bati kabla ya wakati wake lilimfanya aache kutafuna. Shangazi naye alifagia uwanja mara nyingi mno, kana kwamba uchafu uliokuwa ng'ambo ya vichaka ungeona aibu. Katika jumuiya yetu ndogo ya sala, iliyokutana kila wiki katika nyumba tofauti, watu hawakutawanyika tena baada ya sala, walibaki wakinong'ona. Siku walipokutana kwetu nilisikia kila kitu nikiwa jikoni. Mama Devota, aliyekuwa na vyumba vya kupangisha na ambaye wapangaji wake wawili walikuwa wamekwisha hama, ndiye aliyezungumza kwa nguvu zaidi. "Sisi wenyewe ndio tunajimaliza," alisema. "Tunalalamika sokoni, tunalalamika kisimani. Mgeni akifika mtaani ameshaambiwa. Tufunge midomo. Mtu akiuliza, dampo ni la muda, linaondoka." Mwingine akauliza, "Na kama haliondoki?" Mama Devota akasema, "Basi atakuwa ameshanunua." Walicheka, lakini kicheko kile hakikufika mwisho. Shangazi hakucheka. Hakupinga pia. Aliwakaribisha kahawa.

Siku chache baadaye, nikiwa nimelala, niliwasikia yeye na mumewe. Baba Bonifasi alikuwa amempata mnunuzi mwenyewe bila dalali: mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishwa kutoka Kibondo, kijana mwenye mke, mgeni kabisa wa mji. "Atakuja Jumapili baada ya misa," alisema. "Jumapili trekta halifanyi kazi. Asubuhi upepo unatoka huku kwenda kule. Nimezungumza na wale wanaochoma, Jumamosi hawatawasha." Nilisikia Shangazi akigeuka kitandani. Kisha akauliza, "Na Jumatatu je?" Akajibiwa, "Jumatatu sisi tutakuwa tunahesabu miche ya migomba." Aliposema hivyo sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. Napenda msomaji aelewe jambo hilo. Baba Bonifasi hakuwa mtu mbaya. Mtu asiyewahi kunyang'anywa shamba lenye maharage ya kijani hawezi kujua anachofikiria mtu anayesikia mvua inakaribia.

Mimi nilitaka nyumba iuzwe. Nilikuwa nimekwisha kuiona Titye kwa macho ya Baba Bonifasi, na niliuchukia ule moshi. Kwa hiyo Jumamosi nilifanya kazi kwa moyo. Tulimwaga maji uwanjani, tukachoma majani ya mkaratusi katika chungu ili nyumba inukie. Nilishona pazia zito la chumba cha nyuma, kwa kuwa dirisha lake ndilo lililotazama shimoni, na Baba Bonifasi alilitundika mwenyewe. Shangazi alichinja kuku. Jumapili asubuhi palikuwa shwari kama alivyotabiri. Ungedhani mtaa mzima ulikuwa umeambiwa ukae vizuri, na kwa kweli ulikuwa umeambiwa. Mama Devota alitoka kibarazani akiwa na nguo ya kanisani, akawasalimu wageni kwa sauti, "Karibuni! Mtaa wetu mtulivu, mtaupenda!"

Mwalimu Gerigori alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kusema "naam" kabla hujamaliza sentensi. Mkewe, Leokadia, alikuwa mjamzito, tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia. Alipita chumba hadi chumba akigusa milango. Alipofika chumbani kwangu alisimama katikati, akazunguka taratibu, na uso wake ukalegea. "Hapa ndipo nitakapomlaza mtoto," alimwambia mumewe. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akatueleza kwamba kule Kibondo walipanga karibu na tanuri za tofali, na mtoto wao wa kwanza hakufikisha mwaka. Kifua kilimbana, wakahangaika naye hospitali, akawaponyoka. "Ndiyo maana nimemwambia mwalimu, tukikosa yote, tupate mahali penye hewa." Aligusa pazia. "Dirisha linatazama wapi?" Baba Bonifasi, aliyekuwa mlangoni, alijibu upesi, "Mashamba. Upande ule ni mashamba tu." Nyuma yake alikuwa Shangazi na jagi la maji na beseni, akija kuwaita wageni wanawe mikono. Nilimwona akimtazama mumewe mgongoni. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kuutazama mgongo wa mumewe kwa muda mrefu namna ile.

Tulikaa mezani. Kuku alikuwa katikati, ugali unafuka, maharage yameungwa kwa mawese. Shangazi alianza kuwanawisha. Alimmwagia mwalimu, kisha Leokadia. Maji yalikuwa yakimwagika juu ya vidole vya yule binti, halafu yakakoma. Jagi lilibaki hewani.

"Mwana wanje, mwanangu," Shangazi alisema, "lile dirisha halitazami mashamba. Linatazama dampo. Mji mzima unamwaga taka zake pale. Leo ni Jumapili ndiyo maana hamjaona kitu. Jioni moshi unaingia mpaka kwenye godoro."

Nzi mmoja alitua kwenye ukingo wa sahani ya mwalimu, na kwa mara ya kwanza siku ile wageni wakamwona. Baba Bonifasi aliweka mikono yake mezani, akaitazama kama vyombo vya kazi vilivyovunjika, akainuka na kutoka nje. Tulisikia hatua zake zikizunguka nyumba na kupotea. Mwalimu alisema "naam", ingawa hapakuwa na mtu aliyesema neno. Nilidhani wataondoka, na nadhani hata yeye aliwaza hivyo, maana alishika ukingo wa kiti. Lakini Leokadia alimnyooshea Shangazi mikono iliyokuwa bado na povu la sabuni. "Malizia kunimwagia maji, mama," alisema. "Tule." Tukala. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kuku yule. Leokadia alikula huku machozi yakimtoka, na kila Shangazi alipomwongezea mchuzi alisema asante.

Walipokwisha kwenda, Baba Bonifasi alirudi. Nilikuwa chumbani nikilitungua pazia, sikuwa na haja ya kutega sikio.

"Umeniuza, Perpetua."

"Leo hakuna kilichouzwa."

"Usinichezee maneno. Ulikubali. Ulichinja kuku kwa mkono wako."

"Nilikubali. Nilikuwa sijasikia habari ya mtoto."

"Na sisi? Sisi hatuna habari? Unadhani yule mzee wa Titye atanionea huruma kwa sababu mke wangu ana moyo safi?"

Shangazi akasema kwa sauti ndogo sana, "Boni, ningelalaje Titye? Ningekuwa nalima huku nasikiliza kama mtoto wa watu anakohoa." Nilisikia kitu kizito kikianguka, nadhani ni kiti. Baada ya hapo hawakuzungumza tena, si jioni ile, wala kwa majuma mengi yaliyofuata, isipokuwa yale ya lazima: chumvi iko wapi, nani amechukua jembe.

Kama mambo yangeishia ndani ya nyumba yetu, yangekuwa magumu lakini yangekuwa yetu. Sospeta alisikia. Mwalimu alikuwa amemtafuta amsaidie kupata nyumba upande mwingine wa mji, na akamweleza sababu. Sospeta, aliyekuwa bado na uchungu wa kupitwa katika biashara ile, aliitembeza habari kila kijiwe: hata mwenye nyumba mwenyewe, mtu wa sala, anasema Bondeni hapakaliki. Sasa haikuwa tena uvumi wa sokoni. Ilikuwa imesemwa na mmoja wetu. Bei za mtaa mzima zilianguka. Mtu aliyekuwa amekubaliana na jirani wa chini alitaka arudishiwe malipo yake ya mwanzo. Mpangaji wa mwisho wa Mama Devota alifunga godoro lake. Alasiri ile Mama Devota alikuja uani kwetu, hakupiga hodi, alisimama kati ya kamba za nguo.

"Nimefanya nini, Perpetua? Niambie. Nimekukosea nini wewe?"

"Hujanikosea."

"Nina wajukuu wanaokula kutokana na vile vyumba! Wewe ukataka kwenda mbinguni peke yako, ukatukanyaga sisi wote tuwe ngazi!"

Shangazi alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha, ila mikono yake ilipoteza mwendo, maharage yakawa yanaanguka chini pamoja na makapi. "Mama Devota," alisema, "mimi sikuishusha bei. Mimi niliisema tu." Yule mama alitema mate chini, si kwake, pembeni, akatoka. Kuanzia hapo tukawa peke yetu. Kisimani wanawake walinyamaza tukifika. Juma ambalo jumuiya ilipaswa kusali kwetu, tulipanga viti, tukachemsha kahawa, tukawasha mshumaa mbele ya sanamu ya Bikira Maria, na hakuna aliyekuja. Tuliwasikia wakiimba nyumba ya tatu. Shangazi alisali rozari nzima akiwa na mimi tu, kwa sauti ya kawaida, akiwaachia wasiokuwepo nafasi yao ya kuitikia. Mimi niliitikia kwa niaba ya watu wote wale, na hasira yangu kwake, maana nilikuwa nayo, iliisha katikati ya sala ile, sijui katika fumbo gani.

Mvua zikaja. Siku ya pili ya mvua kubwa Baba Bonifasi alivaa koti la mvua akaenda Titye, japo hakuwa na chochote mkononi. Alirudi amelowa. Hatukumuuliza. Alijisemea mwenyewe akiwa amekaa kando ya moto wa jikoni, kwamba ameona watu wanapanda. Familia kutoka Rungwe Mpya. Wana watoto wengi, wote walikuwa shambani. Shangazi alimpakulia ugali, akauweka karibu na mguu wake. Aliula wote.

Mvua zilezile zilijaza shimo. Maji meusi yalifurika kutoka kwenye dampo, yakafuata njia ya trekta, yakapita uani kwa Mama Devota, yakapita kwetu, yakaishia kisimani. Watoto wa mtaa walianza kuharisha. Mjukuu wa Mama Devota, msichana mdogo aliyependa kuja kuokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani yangu, alilazwa, na kwa siku kadhaa hatukujua kama angetoka mzima. Alitoka, Mungu asifiwe. Jioni bibi yake alipomrudisha mgongoni, hakupita moja kwa moja kwenda kwake. Aliingia kwetu, safari hii alipiga hodi. Alimshusha mtoto juu ya mkeka wetu. "Wakubwa wa mji wanakuja kesho kuangalia kisima," alisema, akitazama chini. "Mwenyekiti anataka tuseme maji yalichafuliwa na choo cha mtu. Watu wanaogopa. Wanasema wakilitaja dampo mbele ya wakubwa, ndiyo basi, hakuna atakayenunua hapa mpaka kiama." Akameza mate. "Wewe umekwisha kulitaja. Litaje tena. Safari hii nitakuwa nimesimama karibu yako."

Mkutano ulifanyika palepale kisimani, watu wamesimama kwenye matope. Afisa aliyekuja alikuwa na viatu vizuri na alitaka kumaliza upesi. Aliuliza mara mbili kama kuna mwenye neno. Nilimwona Baba Bonifasi upande wa wanaume, ametazama kando. Shangazi aliinua mkono. Alizungumza Kiswahili chake chenye mkao wa Kiha, taratibu, bila kumtukana mtu. Alisema maji yametoka dampo, wote wameyaona yakipita, na kwamba nyumba yake haina bei tena kwa hiyo hana cha kuogopa kupoteza, ila mtoto bado ana bei. Afisa akauliza, "Huyu mama anajisemea mwenyewe au anasemea mtaa?" Mama Devota alisogea akasimama bega kwa bega na Shangazi. Na kisha, kutoka upande wa wanaume, nikaisikia sauti ambayo haikuwa imesema neno la maana kwa majuma mengi: "Anausemea mtaa." Alikuwa Baba Bonifasi. Baada yake wakaitikia wengi.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba trekta lilisimama. Lilikuja miaka mingi zaidi. Walichokifanya wakubwa wa mji ni kuchimba mfereji wa kugeuza maji, wakatuchimbia kisima kingine upande wa juu, na kwa muda wakaacha kuchoma taka. Dampo lilifungwa baadaye sana, mji ulipokua ukalimeza, likafukiwa udongo. Siku hizi pale panachezwa mpira, na madalali wanapita tena Bondeni wakigonga kuta. Shangazi aliwahi kuyaona hayo yote. Hakuwahi kuliona shamba la Titye likiwa lake. Aliendelea kukodi, msimu huu hapa, msimu ujao pale, mpaka magoti yalipomkatalia.

Lakini mwaka ule kwangu uliisha hivi. Ilikuwa karibu na Noeli, mvua zimepumzika. Niliamka nikasikia koleo likikwaruza, nikatoka. Baba Bonifasi alikuwa amechanganya mchanga na saruji aliyolipwa kwa kazi ya mtu, na alikuwa akipiga lipu kwenye ukuta wa nyuma, ule unaoangalia vichaka na kunguru. Alikuwa amevua shati. Shangazi alitoka jikoni, akasimama akimtazama, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Unampendezeshea nani?" aliuliza. "Hakuna mnunuzi."

Hakugeuka. Aliutupia ukuta mwiko mwingine wa lipu, akausawazisha. "Nyumba ya kuuza," alisema, "mtu hupiga lipu upande wa barabarani tu."

Shangazi alisimama kidogo. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, akachukua ndoo, akaenda kumletea maji.